Njia ya Kwenda kwa Kahindi

Jumapili ya kipaimara kaka yangu Kahindi alichelewa. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko la kanisa, masufuria yako juu ya mafiga, maji yanatokota bure, na mimi niliyekuwa msimamizi wa mapishi nilikuwa nimeshaanza kulaani kwa sauti ya chini. Padre Klementi alitoka sakristia akiwa bado amevaa kanzu yake ya misa, akanikuta nimeshika kiuno.

"Mama Karisa, misa imekwisha na mbuzi bado wanapiga kelele. Mchinjaji wetu yuko wapi?"

"Kaka yangu anakuja kwa saa zake, Padre. Mama alituambia hata kuzaliwa alichelewa."

Sisi watu wa Mkoneni hatuna nyumba yenye dini moja. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto Sabaki ukitoka Malindi, ndani kidogo ya barabara kuu, na sehemu kubwa ni Wagiriama pamoja na watu wa bara waliokuja kununua mashamba. Utakuta mjomba anaswali, shangazi yuko kwaya, babu anatambika kwa mizimu yake, na wote wanagombania kiti kimoja chenye mgongo. Kwa hiyo kwenye arusi, matanga au sikukuu ya kanisa, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili jamaa wote wale. Ukichinja mwenyewe, umewaambia nusu ya ndugu zako wabaki kwao. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo, tumelikuta.

Kahindi alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama yetu. Alisilimu alipomwoa Mwanaisha wa Mambrui, akapewa jina la Salim, lakini pale kijijini jina hilo halikumshika. Siku ile alifika akiwa amekunja kisu ndani ya gazeti, kofia imekaa upande, hana haraka.

"Salaam aleikum, Padre."

"Waleikum salaam, Bwana Salim. Umetuweka na njaa."

"Wewe bariki, mimi nichinje, kila mtu na kazi yake. Bila mimi leo mngekula mchicha na Roho Mtakatifu."

Padre alicheka mpaka akashika ukuta. Askofu alikuwa ndani anakunywa maji, na nina hakika alisikia.

Padre Klementi alikuwa mtoto wa mgema kutoka Kaloleni. Ukimsifu kwa mahubiri, alikuwa akikuambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kweli mahubiri yake hayakuwa marefu. Alikuwa mfupi, mlaji, mbishi, na akiketi goti lake moja lilikuwa halitulii. Pikipiki aliiendesha vibaya sana. Kila Ijumaa alasiri, baada ya swala, alikuwa akienda kwa Kahindi kucheza dama kwa vifuniko vya soda, na kila Ijumaa jioni alirudi akilalamika kwamba ameibiwa. Nilimwambia atafute mchezaji mwingine. Akasema mwingine hana maneno.

Shida ilianza na lori. Lilichomwa kule juu kwenye barabara ya kaskazini, na dereva hakuonekana tena. Tukasema ni majambazi. Kisha wakaja kwenye mashamba ya juu, walikokuwa mafundi wakijenga bwawa la maji, wakawapanga mstari na kumwambia kila mmoja atamke shahada. Walioshindwa walipigwa risasi hapo hapo. Mmoja wa mafundi alikuwa amefichwa na mzee wa Kiislamu ndani ya ghala la mahindi. Walipomkuta, walimuua fundi, na kabla ya kumuua fundi walimuua mzee. Walisema anayeficha kafiri ni kafiri.

Hatukujua majina yao wala walikolala. Tuliwaita watu wa msituni.

Wanajeshi walikuja wakapiga mahema kwenye uwanja wa shule. Familia za mashamba ya juu, zilizochomewa nyumba, zikaja na magodoro, kuku na bibi zao, zikalala madarasani chini ya ubao. Helikopta ilipita asubuhi, ikapita jioni, na mbwa wakazoea kuibwekea. Mimi sikuweza kukaa mahali. Nikiketi nasikia pikipiki, nikisimama nasikia kimya, na kimya kilinitisha zaidi. Nilifagia uwanja ule ule mara kwa mara mpaka mume wangu akanificha ufagio. Alidhani anatania. Nilimrushia kata ya maji.

Padre ndiye aliyewalisha wale wa madarasani. Aliomba unga kwa kila mtu, hata kwa wanajeshi. Dayosisi ilimtaka arudi Malindi mpaka hali itulie, na mapadre wa parokia nyingine walikuwa wameshaondoka. Nilimwambia aende. Nilimwambia wazi, jikoni kwangu, mkono wangu ukiwa ndani ya unga wa ngano.

"Wanamtafuta mtu kama wewe, Padre. Sisi wengine tutajificha ndani ya leso. Wewe utajificha wapi?"

"Nitajificha nyuma yako. Wewe ni mpana."

Sikucheka. Naye akaona sicheki, akaacha utani.

"Mama Karisa, hao watoto walio shuleni hawana pa kwenda. Nikiondoka mimi, kesho yake Mwalimu ataondoka, keshokutwa muuguzi. Nani atabaki?"

Basi akabaki, goti lake likizidi kutikisika.

Kibaya zaidi kikawa kutazamana. Wanajeshi waliwakamata wanaume wa Kiislamu wa Mkoneni wakawahoji, na Kahindi alirudi na mdomo uliovimba. Hakusema aliyefanya hivyo. Padre alikuwa ameketi langoni kwao tangu asubuhi mpaka wakamtoa, wakarudi pamoja kwa miguu, mmoja hasemi na mwingine hanyamazi. Lakini watu waliokuwa vibarazani waliona kwamba Kahindi amekamatwa, wakasema pafukapo moshi pana moto. Walianza kuhesabu nani hajachomewa nyumba. Mtu akipita na kofia, mazungumzo yalikatika.

Sikukuu ya somo wa kanisa letu, mtakatifu msimamizi wetu, ilikuwa inakaribia. Padre alikuwa amekwenda Malindi kutafuta unga, na daraja likafungwa na wanajeshi kabla hajarudi, kwa hiyo halmashauri ya parokia ilikutana bila yeye. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mutua, muuza mabati na misumari, mtu wa bara aliyekaa kwetu miaka mingi. Nataka nimtendee haki. Mmoja wa mafundi waliouawa alikuwa mkwe wake, na binti yake alikuwa amerudi kwake na mimba, haongei. Alisimama akashika kiti cha mbele.

"Mwaka huu tuchinje wenyewe," alisema. "Sitaki mtu aingie boma la kanisa na kisu wakati watoto wetu wako humu. Simsemi mtu jina."

"Umeshamsema," nikamjibu. "Kisu kinachoingia boma la kanisa ni kimoja tu, na mwenye kisu ni ndugu yangu."

"Mama Karisa, simchukii kaka yako. Lakini Waswahili wana neno: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mkwe wangu alikula nao sana kule juu."

"Kahindi ni mzaliwa nami! Umesahau?"

Nilisema mengi siku ile. Niliwaambia kwamba wanawafukuza jamaa zetu kwa kisu cha mbuzi. Niliwaambia wasubiri Padre. Wengine waliangalia chini, kisha mikono ikainuliwa, na wa kwangu wa kupinga ulikuwa na wenzake wachache tu. Nilitoka bila kuaga.

Niliona afadhali Kahindi asikie kwangu. Nyumbani kwake ni mbali kidogo, unapita mikoroshi, unashuka kijito ambacho hukauka kiangazi, unapanda. Nilimkuta anapura kunde. Nilipomaliza kusema, aliendelea kupura.

"Nimeshasikia," akasema. "Habari mbaya ina miguu mirefu kuliko yako, Kadzo."

"Padre hayumo. Hajui."

"Najua hajui." Alipepeta kunde mkononi, akapuliza makapi. "Waambie nawatakia sikukuu njema."

Mwanaisha alikuwa mlangoni. Tangu aolewe alikuwa akiniita wifi kwa furaha hata kama ametoka kunisengenya, lakini siku ile aliingia ndani bila kuniita chochote. Hilo liliniuma.

Padre alirudi asubuhi ya sikukuu yenyewe, juu ya lori la jeshi, amekaa kwenye magunia ya unga, nywele zimekuwa nyeupe. Alioga, akaanza misa. Watu waliimba kwa nguvu isiyo ya kawaida, nadhani kwa sababu ya woga. Kwenye matoleo walileta kuku, maboga, mayai, na mzee mmoja wa mashamba ya juu, ambaye hakuokoa kitu kingine, alileta jogoo mwekundu.

Baada ya misa Padre alikuja jikoni kama kawaida yake, kuonja kabla ya wenzake. Pilau ilikuwa tayari. Akafunua sufuria, akavuta harufu, akatazama nyuma ya jiko.

"Kahindi yuko wapi?"

Akina mama wote wakapata kazi ya kufanya. Nikamweleza mimi.

Hakupaza sauti. Alirudisha kifuniko polepole, akaenda nje walikokuwa wameketi wanaume, akamwambia Bwana Mutua, "Wape watu chakula, wana njaa." Akaingia nyumbani kwake. Alipotoka alikuwa amevaa shati la buluu na ndala, na yule jogoo mwekundu yuko kwapani.

Nilimwahi kwenye kona ya ukuta.

"Padre, unaenda wapi na jogoo?"

"Kwa Kahindi. Nina njaa, na chakula cha hapa hakitanishuka. Atanichinjia huyu."

"Wanajeshi wamekataza mtu kupita mikoroshini."

"Wanajeshi wako huko mbele wanakula pilau yenu."

"Basi ngoja niite vijana wakusindikize."

"Ukiniletea vijana itakuwa mkutano. Mimi naenda kuomba msamaha." Jogoo alipiga mabawa, akambana vizuri. "Wamemkataa kwa jina la kanisa langu, Mama Karisa. Nikilala na jambo hili, kesho nitashika mkate kwa mikono gani?"

"Utaenda kesho. Utaenda na gari."

"Kesho atakuwa ameshazoea kukataliwa."

Nilimshika mkono wa shati. Sikuwahi kumshika padre hivyo. Akautazama mkono wangu mpaka nikauondoa, akaniambia nimwekee ukoko, akaenda. Mkia wa jogoo ulionekana nyuma yake mpaka mikoroshini.

Nilirudi kupakua. Nikapakua vibaya, nikajichoma kwa mvuke, nikampa mtoto sahani isiyo na nyama, mama yake akanitolea macho. Kila nilipoinua kichwa niliitazama ile mikoroshi. Watu walikuwa wanakula na hawazungumzi, na pande zote za uwanja ule mkubwa hapakuwa na kofia hata moja. Mwishowe nilimkabidhi jirani upawa, nikajifunga leso nyingine kiunoni, nikafuata njia ile.

Nilifika kijitoni.

Nikasikia mlio mmoja, kisha miwili imefuatana.

Nililala chini pale pale kwenye mchanga. Sikufikiri, mwili wenyewe ulilala.

Ndege waliruka kutoka mikoroshini. Baadaye nikasikia watu wanapita juu ya ukingo, upande wa mihogo. Walikuwa wanatembea, hawakimbii. Mmoja alikohoa.

Nilingoja mpaka sikusikia hata majani.

Kisha nikapanda.

Padre alikuwa amelala chali uwanjani, karibu na mkeka. Ndala moja ilikuwa mguuni.

Kahindi alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono imejaa damu mpaka viwikoni. Kisu kilikuwa juu ya mkeka. Manyoya mekundu yalikuwa yametapakaa, na sufuria ilikuwa motoni, inachemka.

"Kaka," nikasema.

Aliendelea kukandamiza kifua cha Padre. Ndani ya nyumba nilimsikia Mwanaisha anasoma dua, na watoto wanalia wamezibwa midomo.

Nilifungua leso yangu nikamfunika Padre uso na kifua. Shati lilikuwa limefunguka na rozari yake ilikuwa imelowa. Nilimwita kwa jina, ingawa nilikuwa nimeshaona. Nikamwita tena.

Ndipo watu wa kanisani wakafika.

Walikuja kwa wingi, mbele yao Bwana Mutua ana panga, vijana wana mawe na vipande vya mbao. Waliona padre yuko chini. Waliona kisu. Waliona mikono ya Kahindi.

"Nilisema!" Bwana Mutua alilia kama mtoto. "Nilisema mimi!"

"Amepigwa risasi!" nikapiga kelele. "Hamkusikia bunduki? Tangu lini kisu kikapiga risasi? Damu hii ni ya kuku, na ya Padre, alikuwa anamziba majeraha!"

"Amewaita yeye! Amemleta hapa akawaita!"

Nilisimama mbele ya Kahindi nikatanua mikono. Jiwe la kwanza lilinipata kwenye nyusi, na damu ikaniziba jicho. Kahindi hakuinuka wala hakusema hata neno moja la kujitetea, na nilitaka kumpiga makofi kwa kimya chake. Wanajeshi walifika wakipiga risasi hewani, wakamfunga mikono nyuma, wakamtupa kwenye gari. Siku hizo niliwalaani. Leo najua kwamba wangechelewa kidogo, ningezika wawili.

Mwanaisha na watoto waliondolewa wakapelekwa Mambrui kwa wazazi wake. Kesho yake nyumba ya Kahindi ilichomwa moto. Hakuna aliyeona nani kachoma, ingawa kijiji kizima kilikuwa macho.

Padre Klementi alizikwa ubavuni mwa kanisa. Askofu alikuja, na mapadre wengi, na mama yake Padre kutoka Kaloleni, mwanamke mdogo aliyekataa kushikwa mkono. Waislamu wa Mkoneni walikuja pia. Walisimama nje ya ua tangu mwanzo mpaka mwisho, juani, na hatukuwa na akili ya kuwafungulia lango. Kahindi alikuwa mahabusu. Mimi nilikuwa na bandeji usoni na jicho moja la kulilia.

Vita viliondoka kama vilivyokuja, bila mtu kututangazia. Watu wa msituni walihamia kwingine, au walikufa, sijui. Mahema yaling'olewa, shule ikafunguliwa, watu wa mashamba ya juu wakarudi mmoja mmoja kuangalia kilichobaki. Kahindi aliachiwa baada ya muda mrefu kwa sababu hapakuwa na ushahidi, na hakukanyaga tena Mkoneni. Alihamia Gede, akafungua kibanda cha nazi na viazi vitamu karibu na stendi, Mwanaisha na watoto wakamfuata huko.

Kwaresima moja Bwana Mutua alikuja kwangu. Aliketi, akanywa chai, akashindwa kusema alichokuja kusema. Wiki iliyofuata alileta mabati mapya ya kumwezekea Kahindi nyumba. Nilimpelekea Kahindi habari, akasema yeye ana nyumba. Mabati yako kwangu mpaka leo, yameota kutu. Mutua na mimi tunasalimiana, kwa kuwa salamu ni ya Mungu.

Nilikwenda Gede mara nyingi. Kila nilipomuuliza kaka yangu kilichotokea uwanjani kwake, alinieleza bei ya nazi. Aliwaambia polisi kwamba walikuja, wakapiga, wakaondoka, na hakuna aliyepata zaidi ya hayo. Nilimkasirikia. Nilidhani hasemi kwa sababu ya jinsi tulivyomtenda, na niliona ana haki, na bado nilimkasirikia.

Kisha mwaka huu dayosisi ikamtuma padre kijana, mpole, mwenye kinasa sauti kidogo kinachoenea kiganjani. Wanataka kufungua kesi ya Padre Klementi ili siku moja aitwe shahidi wa imani. Alinihoji barazani kwangu kuhusu maisha yake, nikamwambia yote, hata habari za ukoko. Mwisho akauliza jambo ambalo kanisa linataka kujua.

"Mama, waliomuua walimuuliza dini yake? Naye alijibu nini? Tukilikosa hilo, tutasema tu kwamba aliuawa."

"Aliyekuwepo ni mmoja," nikamwambia. "Nipe siku chache."

Nilimkuta Kahindi anafua nazi. Nilimweleza habari ya kesi nikitazamia bei ya nazi. Akaweka panga chini. Nywele zake zimekuwa za mzee.

"Wanataka kumfanya mtakatifu?"

"Wanataka. Lakini hawajui alichosema."

Akafunga kibanda mchana ule ule, wateja wapo. Tukakaa nyuma, juu ya magunia.

Alisema Padre alifika akampa jogoo na kumwambia, "Mwenehu, nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja na njaa." Mwenehu ni ndugu, kwa Kigiriama chetu. Alichinja, Mwanaisha akanyonyoa, wakakaa mkekani kusubiri, wakitaniana. Watu wanne wakatokea upande wa mihogo na bunduki. Walisalimia vizuri. Wakamtazama Kahindi na kofia yake, wakamtazama mgeni.

"Huyu nani?"

"Nikasema ni ndugu yangu, Mwislamu mwenzetu, anaitwa Hamisi," Kahindi alinieleza. "Nililitoa kinywani bila kufikiri, Kadzo. Mungu alisikia, na sijatubu kwa hilo."

Wakaamini, au karibu waamini. Kisha mkubwa wao akawaambia wavue mashati. Walikuwa wakitazama mabega, kama yana alama ya mkanda wa bunduki, wajue nani mwanajeshi. Kahindi alivua lake. Alijua rozari iko ndani ya shati la buluu, na alijua kilichompata yule mzee wa ghala la mahindi. Mwanaisha na watoto walikuwa mlangoni.

"Padre alishika kifungo cha kwanza, akaniangalia. Halafu akasimama. Akasema, 'Huyu bwana ameogopa tu. Hanijui. Mimi ni padre wa kanisa lile, nilikuwa napita nikaomba maji.'"

"Hivyo tu?"

"Yule mkubwa akamwambia, 'Tamka shahada uende zako.' Akasema, 'Mimi ni Mkristo, nimeshakwambia kazi yangu.' Kwa sauti ile yake, unaijua, kama mtu anayetaka kwenda kula."

Basi lipo, nikafikiri. Neno ambalo kanisa linalitafuta lipo. Nilitaka kuinuka, sikujua niende wapi. Lakini Kahindi alikuwa hajamaliza.

"Kabla hawajapiga walinigeukia mimi," akasema. "Waliniuliza, 'Ni kweli? Humjui mtu huyu?' Naye alikuwa ananitazama. Alikuwa ananiomba, Kadzo. Kwa macho."

Akavua kofia, akaiweka juu ya gunia.

"Nikasema simjui."

Wateja walikuwa wanagonga kibanda upande wa mbele. Tuliwaacha wagonge.

"Mnasema alikufa kwa ajili ya dini yake," akasema baadaye. "Sawa, alisema ni Mkristo, nilisikia. Lakini hakungoja shati lifunguliwe, nionekane nimemficha. Alisimama kwa ajili ya watoto wangu. Na la mwisho alilosikia kwangu ni 'simjui'. Kaseme yote. Ukisema nusu, usiseme."

Sijui kupima mambo haya. Nimewahi kujaribu, nikiwa nimelala na nikiwa njiani, upande huu imani, upande huu watoto watatu wa Mwanaisha ambao sasa mkubwa wao ni fundi wa pikipiki na ana mtoto wake. Nilimpoteza padre aliyekuwa akinichekesha nisipotaka. Nilimpoteza kaka aliyekuwa akichelewa kila mahali, na aliyeko Gede ni mtu mwingine anayefungua kibanda mapema. Sikukuu za Mkoneni zina watu nusu, na wale nusu wanakula haraka.

Padre kijana alirudi siku tuliyokubaliana. Aliweka kinasa sauti juu ya meza, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Aliposikia "mimi ni Mkristo" macho yake yalilowa. Niliposema alichojibu Kahindi, alinyoosha kidole polepole akazima kile kidude.

"Hapa tunaweza kumsitiri, mama," akasema kwa huruma. "Kaka yako alikuwa na hofu. Si lazima hili liingie. Ushahidi tunao."

"Washa," nikamwambia. "Aliyesema simjui ndiye aliyekuwa rafiki yake."